Muulize Mama Fidia: Mpira Jumapili, mgongo Jumatatu

Mama Fidia alihakiki madai ya ajali za kazini kwa miaka mingi, kwanza kwenye bima, kisha kama mshauri wa waajiri, kabla ya kustaafu na kurudi kwao Tanga. Kila toleo anajibu barua za wasomaji. Barua tumezifupisha, na tumeficha majina ya watu na ya viwanda.

*

Shikamoo Mama Fidia. Mimi ni afisa rasilimali watu kwenye kiwanda cha mabomba ya plastiki, Kibaha. Tuna kuli wa ghalani ambaye Jumatatu, saa moja na robo asubuhi, alikuja kuripoti kwamba mgongo umemkaza akishusha mifuko ya chengachenga za plastiki, ile ya kilo 25. Daktari kampa ED, yaani ruhusa ya kutofanya kazi, ya siku 14. Sasa wenzake wananinong'oneza kwamba Jumapili alicheza mpira mtaani na akatolewa uwanjani amebebwa. Bosi kaniambia nisijaze fomu ya WCF, ule Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, nimwandikie barua ya kumwachisha kazi kwa udanganyifu. Kuna kijana wa ulinzi amejitolea kumfuatilia nyumbani na simu ampige picha. Nipo njia panda.
HR mwenye presha, Kibaha

Marahaba, mwanangu. Kunywa maji kwanza, halafu jaza fomu.

Naanza na fomu kwa sababu siku zake zinahesabika. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Sura ya 263, inampa mwajiri siku saba tangu alipopata habari ya ajali awe ameitolea taarifa kwenye Mfuko. Haisemi siku saba tangu mwajiri alipoamini. Bosi wako anadhani kujaza fomu ni kukubali kwamba kuli anasema kweli. Hapana. Unaandika: fulani ametuarifu kwamba siku fulani, saa fulani, akifanya kazi fulani, aliumia. Ukiwa na mashaka unayaeleza kwenye barua ya kuambatisha, kwa lugha ya kistaarabu, na Mfuko una watu wake wa kuyapima. Ukiikalia fomu, kesho mwenye kesi ya kujibu hatakuwa kuli, utakuwa wewe.

Tuje kwenye mpira. Nani alimwona? Minong'ono ya kiwandani ukiifuata hadi ilikoanzia mara nyingi unamkuta mtu mmoja, naye kasikia kwa shemeji yake. Mwite kila mmoja peke yake. Muulize ulikuwa uwanja gani, timu gani na gani, mtu wetu alikuwa anacheza namba ngapi, alitolewa kipindi gani, waliombeba ni kina nani, wakampeleka wapi. Aliyekuwepo atakusimulia mpaka uchoke, watu wa mpira unawajua. Asiyekuwepo ataanza na "inasemekana". Uliza pia ile mechi iliandaliwa na nani. Kama ni bonanza ambalo kampuni yenyewe ilidhamini na kuwapeleka vijana kwa basi la kiwanda, hiyo Jumapili huenda isiwe ya mapumziko kama bosi anavyodhani, na hilo nalo liandikwe.

Ukimaliza habari za mpira, nenda ghalani na kalamu. Mimi swali langu la kwanza siku zote ni hili: lori liliingia saa ngapi? Daftari la getini lina namba ya gari na saa. Hati ya kupokelea mzigo ina tarehe na sahihi ya mtunza ghala. Kama kuli anasema aliumia saa moja na robo akishusha mzigo, na lori la kwanza limepita getini saa tatu, una jambo la kumuuliza. Ila usianze kushangilia. Nchi hii ina saa mbili. Mlinzi anaandika saa ya Kiswahili, kompyuta ya ghala inaandika saa ya kizungu, na karani anayejaza fomu anazichanganya. Nimeshuhudia dai likisimama miezi kwa sababu karatasi zilionyesha mfanyakazi aliumia saa nane usiku, kwenye kiwanda kisicho na zamu ya usiku. Yule bwana aliumia saa mbili asubuhi. Mlinzi aliandika 2:00, ofisini wakaisoma kizungu, na kila aliyelishika faili baada ya hapo alikuwa ameshaamua kwamba ana mwongo mkononi.

Kamera ya getini, kama mnayo, itazame leo. Mitambo mingi hujifuta yenyewe, picha mpya zikifunika za zamani, na mingine haimalizi hata wiki mbili. Mwambie fundi akutolee ya Jumatatu kuanzia watu wanaingia. Angalia kuli anavyotembea. Mtu aliyebebwa jana uwanjani haingii kazini akiwa mwepesi. Na kama aliingia mzima, kisha baada ya muda anatoka kiuno kakishika kwa mikono miwili, picha hiyo inamtetea yeye, na una wajibu wa kuitunza kama ungetunza ile ya kumuumbua.

Halafu kaa na yeye mwenyewe. Hili watu wengi huliweka mwisho, na ndilo lenye faida kubwa. Usimwanze na "kwa nini umetudanganya". Usimwanze hata na mpira. Mwambie: nisimulie kuanzia Jumamosi ulipotoka kazini mpaka Jumatatu ulipofika kwangu. Kisha nyamaza. Mara nyingi mtu anautaja mpira mwenyewe, kwa sababu haoni aibu yoyote: alicheza, akakwatuliwa, akaumia enka, wakambeba, akalala, akaamka akaja kazini. Enka na mgongo ni vitu viwili, na mtaani aliyebebwa ni aliyebebwa, hakuna anayeuliza kaumia wapi. Akiruka Jumapili yote kana kwamba haikuwepo, hapo unaweza kumuuliza kwa upole, ukaandika anachojibu.

Uandike kwa Kiswahili, tafadhali. Waajiri wetu wana tabia ya kugomba kwa Kiswahili na kuandika maelezo kwa Kiingereza. Nikikuta maelezo ya kuli yamejaa Kiingereza cha ofisini na chini kuna dole gumba, mashaka yangu humhamia aliyeyaandika. Msomee alichosema, arekebishe anapotaka, aweke sahihi kila ukurasa, nakala apewe.

Kuhusu hospitali nikuambie kitu ambacho bosi wako hatakipenda. Mifupa husema. Mfupa uliovunjika ukianza kujiunga huota mfupa mpya pembeni, na kwa mtu mzima huo huchukua kama wiki mbili tatu kuonekana kwenye eksirei. Mtu akidai kavunjika mkono leo asubuhi na picha ya leo mchana inaonyesha mfupa mpya umeshaota, kazi imekwisha. Mgongo hauko hivyo. Mpige MRI kuli wa miaka arobaini, utaambiwa diski zimechakaa. Mpige na bosi wako anayekaa kwenye kiti cha kuzunguka, zake nazo zitakuwa zimechakaa, na hasikii maumivu yoyote. Picha ya mgongo haina tarehe. Kinachosaidia zaidi ni kile mgonjwa alichomwambia mtu wa kwanza aliyempokea, kabla hajakaa na yeyote wa kumshauri. Lakini faili hilo si lako kulifungua. Siri ya mgonjwa ni siri, na Mfuko una madaktari na utaratibu wa kuliomba. Usimtume dereva akampe chai mtu wa mapokezi.

Tena kuna uwezekano ambao hata hao wanaonong'ona hawajaufikiria. Jumapili alijitegua kiuno, Jumatatu akaja kazini hivyo hivyo kwa kuogopa kukatwa siku, na mfuko wa tatu ukammaliza. Hapo mwongo nani? Kiasi gani ni cha mpira na kiasi gani ni cha mfuko, hilo ni la daktari kulipima na Mfuko kuliamua. Kazi yako ni kuhakikisha mambo yote mawili yamo kwenye faili.

Huyo kijana wa ulinzi mwambie abaki getini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022 na ilianza kutumika Mei 2023, na mlinzi anayevizia uani kwa mtu na simu mkononi sioni kampuni itamwelezaje ikiulizwa. Isitoshe picha zenyewe hazina maana. Utaletewa picha ya kuli kabeba ndoo ya maji. Kaibeba hatua ngapi? Baada ya hapo alilala vipi? Picha haitajibu.

Na barua ya kumwachisha, iweke kabisa kando. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 na kanuni za utendaji bora za 2007, mtu anapewa tuhuma kwa maandishi, anapewa muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, anasikilizwa, na ana haki ya kuja na mwenzake au mwakilishi wa chama. Ukimwachisha leo kwa minong'ono, ana siku 30 za kwenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na kule swali halitakuwa kama alicheza mpira. Litakuwa ulifuata utaratibu gani.

*

Mama, nilikatwa vidole viwili vya mkono wa kulia na mashine ya kuchuna ngozi ya samaki, kiwandani hapa Mwanza. Bado niko ED. Tangu wiki iliyopita kuna jamaa na pikipiki anapita mbele ya genge la mke wangu akinipiga picha nikiwa nimekaa pale. Jana amesimama, akajitambulisha kuwa ni mchunguzi wa fidia, akaniambia nimpe laki mbili aandike ripoti nzuri, la sivyo ataandika kwamba nafanya biashara. Nimeingiwa na hofu. Je, nimpe?
Mvuvi asiyevua, Mwanza

Usimpe hata shilingi. Pole sana kwa vidole.

Mchunguzi wa kweli ana kitambulisho, ana barua ya ofisi iliyomtuma, na hana bei. Akirudi muombe vyote viwili, mbele ya mke wako na jirani mmoja, na uandike namba ya pikipiki. Akikataa kuonyesha, umeshamjua. Akionyesha na bado anadai laki mbili, piga TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, namba ni 113 na hailipiwi. Kwa vyovyote vile, waarifu Mfuko kwamba kuna mtu anatembea na jina lao. Wao wana sababu kubwa kuliko yako ya kutaka kumjua.

Sasa nikuambie kile ambacho mchunguzi wa kweli angekuja kukitafuta, ili usiku ulale. Vidole viwili haviigizwi. Hakuna atakayeuliza kama vipo. Ataomba kuiona mashine, na kinga yake, yaani kile kifuniko kinachozuia mkono usifike kwenye kisu. Ataangalia kama kidonda chako kinalingana na kisu kile, maana kisu cha kuchunia hupita juu juu na kuondoa nyama kwa vipande vyembamba, na panga hukata moja kwa moja. Ataangalia zamu, nani alikuwa jirani yako kwenye laini, nani alizima mashine. Ataangalia tarehe ya PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, na tarehe ya hospitali. Ataangalia mshahara wako ulioandikwa kwenye fomu na ulioingia benki. Hilo la mshahara nitalirudia chini kwa mwenzako wa Dodoma, lisome.

Kuhusu genge, hapa nitakuwa mkali kidogo. Malipo ya ulemavu wa muda, ambayo ni asilimia 70 ya kipato chako cha mwezi na hayazidi miezi 24, yapo kwa sababu huwezi kufanya kazi. Kukaa kwenye genge la mke ukimrudishia mteja chenji kwa mkono wa kushoto si kuchuna samaki zamu nzima, na mtu mwenye akili analiona hilo. Lakini kama umeanza shughuli inayokuingizia kipato, hata kama ni ndogo, iseme mwenyewe kabla hujaulizwa. Mtu wa pikipiki anakutisha kwa sababu anaamini kuna kitu unakificha. Ukishakiandika kwa mkono wako na kukipeleka, hana tena cha kukuuzia.

Kidonda kikipona, daktari atapima kiwango cha ulemavu wa kudumu. Kisipozidi asilimia 30 unalipwa mkupuo mmoja, kikizidi unalipwa pensheni ya kila mwezi. Mchunaji samaki aliyepoteza vidole viwili vya mkono wa kulia ana mengi ya kumweleza daktari huyo, kwa hiyo usiende ukasema "mimi mzima, namshukuru Mungu" kama tulivyozoea. Mshukuru Mungu, kisha umwonyeshe vitu usivyoweza kushika.

*

Mama Fidia, kwa uzoefu wako, waongo zaidi ni wafanyakazi au waajiri? Naomba jibu bila kupindisha.
Msomaji wa siku nyingi, Dodoma

Waajiri. Na hata si wabaya wote, wengine hawajui kwamba wanadanganya.

Nilianza kazi enzi za sheria ya zamani iliyorithiwa kwa mkoloni. Fidia ya juu kabisa kwa ulemavu wa kudumu ilikuwa shilingi 108,000, na kwa kifo shilingi 83,000. Hizo ndizo zilizokuwa zimeandikwa, miaka nenda rudi, mpaka thamani yake ikawa haitoshi hata sanda na usafiri wa maiti. Nani angejisumbua kughushi kwa hela hiyo? Ilipopita sheria mpya ya 2008 na Mfuko ukaanza kazi Julai 2015, fidia ikawa fidia kweli, na hapo ndipo wajanja walipoamka. Hilo sitalificha. Wapo wafanyakazi wanaoumia kwenye bodaboda usiku wakitoka harusini na kuamkia kiwandani wakidai ngazi imewaangusha. Nimewakuta. Huwa wanaanguka kwenye ngazi ambayo haikuacha kutu yoyote kwenye suruali, na michubuko yao ina lami ndani yake.

Lakini uongo wa mwajiri una sura nyingine, na unaingia kwenye faili kabla ajali haijatokea. Chukua fundi anayelipwa laki saba mkononi, ila kwenye karatasi za michango kaandikwa laki tatu, ili mchango wa NSSF, wa hifadhi ya jamii, na kodi ya mshahara vipungue. Fidia nayo inakwenda na karatasi hiyo hiyo. Mchango wa WCF kwa sekta binafsi ulianza asilimia 1 ya mshahara na leo ni asilimia 0.5. Kwa ile laki nne aliyoificha, bosi anaokoa shilingi 2,000 za Mfuko kwa mwezi. Fundi akivunjika mguu, asilimia 70 ya laki tatu ni 210,000. Ya laki saba ingekuwa 490,000. Sasa fundi analalamika, anapeleka meseji za malipo ya simu, tarakimu hazifanani na fomu, na afisa anayezipokea anaandika pembeni ya faili: "Kuna viashiria vya udanganyifu." Ni kweli vipo. Ila jina lililoandikwa juu ya faili ni la fundi.

Ndiyo maana nikipewa dai lenye harufu huwa siendi kwanza kwa aliyeumia. Naanza na karatasi zilizokuwepo kabla yake: mkataba, orodha ya mishahara, rejista ya zamu, daftari la huduma ya kwanza. Ukikuta daftari la huduma ya kwanza lina maandishi ya kalamu moja, mwandiko mmoja, mwezi mzima bila doa la dawa wala alama ya kidole, lilijazwa siku uliyopiga simu kwamba unakuja.

Kundi la tatu, usinisahaulishe, ni vishoka. Hawaumii, hawaajiri, wanakaa nje ya ofisi na hospitali na bahasha za kaki. Wanajua muhuri unachongwa wapi. Kishoka humkuta mtu mwenye dai halali, la kweli kabisa, akamwambia "hili hivi lilivyo halitapita, ngoja tulinogeshe." Analinogesha kwa cheti cha kughushi, na dai la kweli linakufa kwa sababu ya karatasi moja ya uongo ambayo haikuwa na haja ya kuwepo.

*

Mama, mimi nina karakana ya samani Keko. Kijana wangu kakatwa vidole na msumeno wa mviringo wiki iliyopita. Sikuwa nimejisajili WCF. Nimejisajili juzi. Kuna mtu ananishauri tuandike kwamba ajali imetokea wiki ijayo, yeye atashughulikia karatasi za hospitali. Nampenda kijana wangu na nataka alipwe. Kuna ubaya gani?
Fundi mkuu, Keko

Fundi, nakuamini kwamba unampenda. Ndiyo maana nakuomba usimtie ndani.

Hebu tuifuate hiyo tarehe mpya inakopita. Kijana alipelekwa hospitali wiki iliyopita, kwa hiyo yumo kwenye rejista ya mapokezi, yumo kwenye kompyuta, dawa ya ganzi imeandikwa, nyuzi zimeandikwa. Kama mlipitia kituo cha polisi, PF3 ina tarehe na muhuri. Bili umelipa kwa simu yako, na meseji ya muamala ina siku, saa na dakika. Mafundi wenzake wamempiga picha damu ikiwa bado sakafuni, kwa sababu siku hizi hakuna ajali isiyopigwa picha, na wameirusha kwenye grupu la WhatsApp lenye mafundi wa Keko nzima. Mama yake kijijini ameshatumiwa nauli aje amuuguze. Huyo mshauri wako anakuuzia karatasi moja ya hospitali, na wewe una ushahidi kumi usioweza kuufuta. Na kidonda chenyewe: ukisema kimetokea Jumatano, Ijumaa daktari akafungua bendeji akakuta kimeshaanza kufunga, atauliza.

Kughushi nyaraka na kutumia nyaraka ya kughushi ni makosa ya jinai kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Utakayemtia hatiani si wewe peke yako. Fomu ina mahali pa mfanyakazi kueleza, na kijana atasaini uongo huo kwa mkono aliobaki nao.

Fanya hivi. Nenda kwenye Mfuko na tarehe ya kweli. Sema sikuwa nimejisajili, ajali imetokea tarehe hii, nimejisajili tarehe hii. Kuchelewa kujisajili ni kosa lako wewe mwajiri, na kuna adhabu yake, na itakuuma. Kijana alikuwa mwajiriwa wako siku msumeno ulipomkata, na dai lake liende likiwa na tarehe hiyo. Ana miezi 12 tangu ajali ya kulifikisha, kwa hiyo msikae. Peleka na kila kitu kinachoonyesha alikuwa anafanya kazi kwako: meseji za malipo, picha akiwa kazini, majina ya wenzake. Kama hamkuwa na mkataba wa maandishi, na karakana za Keko nazijua, hivyo ndivyo vitakavyokuwa mkataba wake.

Msumeno usiuguse. Najua umeshafikiria kuufunga kile kikinga ulichokitoa mwaka juzi kwa sababu kilikuwa kinachelewesha kazi. Ukiufunga sasa, boliti mpya zitaonekana mpya. Upige picha kama ulivyo, uukatie umeme, usubiri waje wauone.

*

Mama Fidia, mimi ni msimamizi wa zamu, kiwanda cha katani, Tanga. Mfanyakazi wangu kaumia mguu. Sikuwepo ilipotokea, nilimkuta chini. Ofisi inataka nisaini kama shahidi aliyeona. Nisipofanya hivyo wanasema nitamnyima haki yake.
Nyapara, Tanga

Jirani yangu kumbe. Saini, ila saini ulichokiona. "Nilifika saa nne na dakika kama kumi. Nilimkuta amekaa chini karibu na mashine ya kukamua, mguu wa kushoto, buti limechanika, damu ipo. Mashine ilikuwa imezimwa. Fulani na fulani walikuwepo kabla yangu." Hayo yanamsaidia kuliko uongo wako wa "nilimwona akiteleza", kwa sababu mchunguzi atakuuliza aliteleza akielekea wapi, na wewe utasema kulia na mwenzako atasema kushoto. Dai la mtu wa kweli linaweza kuanguka hapo.

*

Nikipata ajali ya bodaboda asubuhi nikienda kazini, naweza kudai? Rafiki yangu aliambiwa hilo ni dai la uongo.
Mama wa watoto wawili, Mbagala

Dai haliwi la uongo kwa sababu halikukubaliwa. Dai la uongo ni lile linaloeleza kisichotokea. Wewe eleza kama ilivyokuwa: ulitoka wapi, unaelekea wapi, bodaboda uliikodi mwenyewe au ulikuwa kwenye gari la kampuni, au bosi alikuwa amekutuma mahali. Usafiri uliotolewa na mwajiri na usafiri wako binafsi havipimwi sawa, na aliyetumwa kikazi si sawa na anayetoka tu nyumbani. Ukikataliwa unaweza kuomba uamuzi upitiwe upya, na baada ya hapo kukata rufaa. Kosa ni kusema uliangukia ndani ya geti wakati ulianguka barabarani, kituo cha Azizi Ally.

PF3 ichukue siku hiyo hiyo, usingoje uvimbe ushuke. Na umwambie askari aandike namba ya bodaboda, maana wengi wanasahau, na mwenye bodaboda akishaondoka hapatikani.